Ini Lililotibiwa kwa Joto Hupona Vipi?

Mgonjwa wa saratani ya ini aliyetibiwa kwa joto anaweza kushtuka akionyeshwa picha ya kwanza ya CT baada ya matibabu. Doa linaloonekana kwenye ini ni kubwa kuliko uvimbe ulivyokuwa. Ni rahisi kudhani ugonjwa umeenea, na hapo ndipo baadhi ya familia huanza kutafuta tiba kwingine. Majaribio yaliyofanyiwa nguruwe na sungura yanaeleza vizuri doa hilo ni nini.

Nguruwe hutumiwa kwa sababu ini lake linakaribiana na la binadamu kwa ukubwa na kwa mishipa ya damu. Mnyama akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, sindano nyembamba huingizwa hadi ndani ya ini, kisha ncha yake hupasha nyama joto kwa mawimbi ya redio au ya maikrowevu. Joto likipita nyuzi 60 za Selsiasi, seli hufa karibu papo hapo; kwa nyuzi 50 huchukua dakika kadhaa. Likipita 100, maji ya ndani huchemka na nyama hugeuka mkaa, nao mkaa huzuia nguvu ya mawimbi ya redio kusambaa. Kwa hivyo moto mkali zaidi si lazima uwe bora.

(Wafugaji wanaochoma kwa chuma tezi za ng'ombe mwenye homa ya kupe wasichanganye mambo haya mawili. Chuma huunguza ngozi na kuacha kidonda, ilhali vimelea vya homa hiyo vimo ndani ya chembe nyeupe za damu.)

Siku za mwanzo, sehemu iliyochomwa huwa imepauka katikati, na pembeni imezungukwa na utepe mwekundu wa damu na uvimbe. Chembe za kinga hufika kwenye utepe huo na kuanza kuondoa seli zilizokufa. Baadaye nyuzi za kovu hujengeka kuzunguka sehemu hiyo, na baada ya wiki kadhaa huwa zimekuwa kama ganda gumu. Kilichomo ndani husinyaa polepole kwa miezi mingi. Sehemu iliyokufa haifufuki. Ini lililobaki zima ndilo hukua na kufidia. Figo haina uwezo huo: hubaki na kovu, na sehemu nzima hulazimika kufanya kazi zaidi.

Doa ni kubwa kwa sababu daktari huchoma pia ukingo wa nyama nzima, milimita 5 hadi 10, ili asiache seli za saratani. Hatari halisi iko karibu na mishipa mikubwa. Damu inayopita huondoa joto, jinsi maji yanavyopoza injini ya gari, na seli za saratani zilizo kando yake zinaweza kunusurika. Ndiyo maana mgonjwa huitwa tena kwa picha takriban mwezi mmoja baadaye, kisha kila baada ya miezi michache. Kovu linalosinyaa ni dalili njema. Uvimbe mpya kwenye ukingo wake huhitaji kutibiwa mapema, na hauwezi kuhisiwa kwa mkono.

Homa ndogo na uchovu kwa siku chache baada ya matibabu ni kawaida. Homa kali yenye kutetemeka inaweza kuwa ya usaha ndani ya ini, na mgonjwa afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo.