Watoto wana mechi, mimi nina zamu, bibi anatusubiri Ujiji

Shangazi,

Mimi ni muuguzi katika hospitali moja binafsi hapa Tabora mjini. Mume wangu anafanya kazi ya reli, na wiki nyingi hulala nje siku tatu nne. Tuna watoto watatu. Binti yetu mkubwa yuko kidato cha pili, anacheza netiboli, na mwaka huu alifika hadi kambi ya mkoa ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Wa pili ni wa kiume, ana miaka 11, yuko darasa la tano. Huyu yuko kwenye kituo cha soka cha mtaani: mazoezi kila jioni Jumatatu mpaka Ijumaa, mechi Jumamosi, na siku hizi hata Jumapili asubuhi kocha anawaita. Wa mwisho ana miaka minne.

Shangazi, nimechoka. Nikitoka zamu ya usiku nakuta jezi zimelowekwa tangu juzi, zinanuka ua mzima. Jioni mtoto anaingia saa mbili, anakula huku anasinzia, daftari la hesabu halijafunguliwa, na saa kumi na moja na nusu alfajiri namwamsha kwa kumvuta mguu. Juni nzima shule zimefungwa, hatukukaa hata siku moja sote watano tukala pamoja. Sikukuu ya Idi mwanangu alivua kanzu saa tano asubuhi akakimbilia bonanza.

Mama mkwe yuko Ujiji. Kila Desemba tunapanda treni kwenda kwake wiki tatu, ndiyo desturi tangu niolewe. Safari hii kocha ametangaza mashindano katikati ya Desemba na kasema atakayesafiri asirudi kikosini. Mume wangu anataka mtoto abaki kwa jirani, anasema huyu ndiye atakayetutoa. Mama mkwe amenipigia simu akaniambia wajukuu zake sasa ni wa mpira, si wake tena. Na mimi kazini sijui hata kama nitapewa likizo. Nafikiria ifikapo Januari niwaachishe wote michezo, wasome tu. Wakati huohuo kuna mwalimu ananishauri na huyu mdogo nimwanzishe mapema. Nifanyeje?

Mama wa watatu, Isevya

*

Pole, mwanangu.

Nianze na hilo la kuwaachisha michezo: usifanye. Najua limekujia ukiwa umesimama juu ya karai la jezi, na mtu aliyekesha wodini haulizwi kwa nini amewaza hivyo. Lakini lina dhuluma ndani yake, na atakayedhulumiwa kwanza ni binti.

Mtoto hafiki kambi ya mkoa kwa kubahatisha. Ametolewa shuleni kwake, akachujwa kwenye kata, akachujwa tena wilayani, na kila ngazi walibaki wenzake wanaolia. Wewe unaishi Tabora, uliona mwaka 2022 mashindano ya taifa ya UMITASHUMTA, ya shule za msingi, na UMISSETA yalipokuja hapa kwetu, mji ulivyojaa watoto wa mikoa mingine na suti zao za michezo. Binti yako ameusogelea mlango huo. Halafu tazama ratiba yake: kambi ilikuwa Juni, imekwisha. Sasa kilicho mbele yake ni upimaji wa taifa wa kidato cha pili mwezi Novemba, na netiboli haimzuii kusoma, labda akicheza jioni mbili kwa wiki pale shuleni ili asizubae. Michezo yake ina msimu, ina mwanzo na ina mwisho. Huyo si tatizo lako. Usimtie chungu kimoja na mdogo wake.

Tatizo ni ratiba ya huyu wa miaka 11, na hapa nasema wazi bila kumung'unya maneno: mtoto wa umri huo kuchezeshwa siku saba kwa wiki, mwaka mzima, si sawa. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, wanashauri mtoto mwanamichezo apate angalau siku moja kamili ya mapumziko kila wiki, na kwa mwaka apate jumla ya miezi miwili mitatu ya kukaa mbali na mchezo wake mmoja. Hawasemi hivyo kwa kuwaonea huruma mama wa watoto hao. Mifupa bado inakua, magoti na visigino vinaumia kwa kurudia jambo lilelile kila siku, na moyo wenyewe unauchoka mchezo kabla hata ndevu hazijaota.

Na usingizi. Mtoto wa miaka 11 anahitaji saa tisa hadi kumi na mbili kwa usiku mmoja. Wewe ni muuguzi, nisikufundishe, lakini tupige hesabu pamoja. Anaamshwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Apate zile tisa tu, za chini kabisa, ni lazima saa mbili na nusu usiku awe amekwisha lala, na wewe unaniambia saa mbili ndiyo kwanza anaingia mlangoni. Hajaoga, hajala, hajagusa daftari. Mwalimu wake wa hesabu anadhani ni mzito wa kuelewa, kumbe mtoto ana deni la usingizi la miezi.

Kwa hiyo siku za mazoezi ziwe tatu, na mechi ya Jumamosi. Jumapili ni ya nyumbani. Siku za mazoezi awe amerudi saa kumi na mbili na nusu, jua likikaribia kuzama. Hayo apelekewe kocha na baba mtoto, uso kwa uso, si kwa ujumbe wa simu na si wewe peke yako. Mara nyingi mama akienda anaambiwa anamdekeza mtoto. Baba akienda anasikilizwa. Haipendezi, lakini kwa sasa tuitumie njia inayofika.

Sasa naomba barua hii umpe mumeo asome kuanzia hapa.

Baba, pole na kazi. Tangu timu ya Tabora United ipande Ligi Kuu mwaka 2023, najua kinachopita vichwani mwa wazazi wa Tabora. Mpira si wa kwenye redio tena, uko pale uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, mtu anaenda kwa miguu akawaona wachezaji kwa macho yake. Kutamani mwanao afike pale si kosa. Lakini ulipotamka kwamba huyu ndiye atakayetutoa, mtoto alikuwa wapi? Kama alisikia, basi kila mpira anaoukosa sasa anaona ameikosesha familia nzima. Huo ni mzigo wa mtu mzima.

Na nyinyi mnaishi mahali ambapo mizigo ilikuwa na kanuni zake. Karne ya 19, Wanyamwezi walipobeba pembe na nguo kati ya hapa Unyanyembe, Bagamoyo na Ujiji, kilo 30 hivi ndiyo ilikuwa kawaida ya mtu mmoja. Ikizidishwa waliigomea, na posho isipotolewa walitua mizigo chini wakakaa. Wengi waliondoka mavuno yakiisha na walipanga wawe wamerudi mvua zikianza, kwa sababu shamba halimsubiri mtu. Wake zao wengine waliandamana nao njiani, na watoto pia. Watu hao walitembea miezi, na bado walijua wiki ipi ni ya njia na wiki ipi ni ya nyumbani. Ninyi reli imewafikia tangu mwaka 1912, mna simu na bajaji, na hamjui mara ya mwisho mmekula pamoja lini.

Nikihesabu mizigo iliyotajwa kwenye barua ya mkeo, jezi, chakula, kumsubiri mtoto, kumwamsha, simu za mama mkwe, likizo, yote iko juu ya kichwa kimoja. Na kichwa hicho kimetoka kazini usiku kucha. Hapo ndipo pa kushika kwanza, kabla hata ya kocha.

Jezi: mwenye jezi anafua. Miaka 11 anaweza kufua bukta na soksi jioni ileile aliyozivaa, kabla ya kula, na kuzianika. Asipofua, atavaa chafu, na wenzake watamfundisha kwa kumcheka. Dada mtu afue zake. Siku ambazo wewe baba uko nyumbani, chakula cha jioni ni chako. Sikwambii upike pilau. Ugali, dagaa, mchicha, na saa moja na nusu kila mtu awe ameketi mkekani. Mechi za Jumamosi ukiwepo unakwenda nazo wewe, na mkeo analala. Namaanisha kulala, mlango umefungwa na simu imezimwa.

Mama yako aliyeko Ujiji, mpigie wewe. Ni mama yako. Yale maneno ya wajukuu kuwa wa mpira yamemchoma mkeo kwa sababu yalielekezwa kwake wakati uamuzi wa mtoto kubaki ulikuwa wako.

Na kuhusu Desemba: mnakwenda Ujiji, wote watano. Hili sina mashaka nalo hata kidogo. Mashindano ya mtaani yatakuwepo mwakani na mwaka utakaofuata. Bibi anayehesabu siku za treni hana msimu mwingine wa kuahidi. Kocha apewe tarehe zenu sasa hivi, kwa heshima, apange kikosi chake. Kama ni kocha wa kweli, Januari atampokea. Kama atamfukuza mtoto wa darasa la tano kwa kosa la kwenda kumsalimia bibi yake, basi amewaonyesha mapema kwamba hapo si mahali pa kumlelea. Vituo viko vingine, na shule ina timu. Na mpira autie kwenye begi. Hakuna mtu atakayemnyima kucheza mchangani Kigoma, mkoa aliozaliwa Juma Kaseja, aliyelinda lango la Taifa Stars kwa miaka mingi.

Wiki tatu lakini ni nyingi kwa mwaka huu, na hapa narudi kwako wewe mama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Watu wengi hawajui mambo mawili. La kwanza, siku hizo zinahesabiwa pamoja na sikukuu zitakazoangukia ndani yake, kwa hiyo ukizichukua zote Desemba, tarehe 9, 25 na 26 zimemezwa humohumo. La pili, mwajiri ndiye mwenye kauli ya likizo ianze lini. Ukingoja Desemba igonge hodi utakuta wenzako wamekwisha jiandikisha. Omba wiki hii, kwa maandishi, utaje tarehe.

Omba kuanzia siku shule zinapofungwa mapema Desemba, wiki mbili, uwe umerudi kabla ya Krismasi. Kisha zungumza na wauguzi wenzako Wakristo: utawashikia zamu za mkesha na siku ya Krismasi, wao wakushikie Idi el Fitri. Idi husogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo hata kabla mwezi haujaandama mnaweza kukadiria wiki yake na kuiandika. Ukiwa wa kwanza kujitolea kwa sikukuu yao, sioni kwa nini wakunyime yako. Na siku ya Idi yenyewe hakuna bonanza. Kanzu inakaa mwilini mpaka magharibi. Hilo baba alitamke mapema, kabla tangazo la kocha halijatoka.

Halafu kuna jambo umelisema kwa kupita tu, ila mimi limenikaa: hamkukaa pamoja Juni nzima. Familia nyingi za wafanyakazi zinaweka furaha yote kwenye safari moja ya Desemba, na safari ikiharibika mwaka mzima umeharibika. Chagueni Jumapili moja kila mwezi ambayo zamu yako na ya reli zinaruhusu. Nendeni Kwihara, si mbali na mjini, mkalione lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Mwenzake Stanley aliondoka Machi kurudi pwani, na mzee yule akabaki hapo mpaka Agosti akingoja wapagazi. Kuna watu wazima waliozaliwa Tabora hawajawahi kufika. Msiende na mwalimu wala ratiba. Chukueni maji, viazi vya kuchemsha, na kwa kuwa msimu ndio unaingia, ndoo ndogo ya maembe. Watoto waijue njia ya wapagazi kwa kusimuliwa na baba yao, ambaye kila wiki anapita njia ileile akiwa juu ya reli, Urambo, Kaliua, Uvinza ya chumvi, hadi ziwani. Nadhani hawajawahi kumsikia akiisimulia.

Nimebakiza huyu wa miaka minne, ambaye mwalimu anataka umwanzishe mapema. Hapana. Hana haja ya kocha, wala filimbi, wala jezi yenye namba. Mwache acheze kombolela na watoto wa jirani, alale mchana, na akitaka kupiga teke mpira wa kaka yake apige, kisha aachane nao akimbize kuku.