Je, Mashine Yaweza Kuwa na Akili na Kubeba Lawama?

Utangulizi

Akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, imekwisha kuingia katika simu za wazazi wa wanafunzi wetu. Huandika barua, hujibu maswali, hata huweza kusahihisha insha. Basi mtoto wa Mpwapwa au Manyoni aweza kuuliza: "Mwalimu, mashine hii inafikiri?" Mwalimu asimnyamazishe. Mwanahisabati Mwingereza, Alan Turing, alilijadili swali hilo mwaka 1950, na hadi leo wataalamu hawajaafikiana.

Shabaha

Mwanafunzi atofautishe kutoa jibu sahihi na kuelewa. Kisha aeleze ni nani mwenye kuwajibika mashine ikosapo.

Hatua ya Kwanza: Mchezo wa Kadi

Mwaka 1980 mwanafalsafa Mmarekani, John Searle, alitoa mfano wa mtu asiyejua Kichina, aliye peke yake chumbani, ambaye hujibu maandishi ya Kichina kwa kufuata kitabu cha kanuni. Kwetu Dodoma, Kigogo chafaa. Waombe wajuao Kigogo waandike kadi za maswali na za majibu, wakianza na salamu ya "mbukwenyi". Mwanafunzi asiyejua lugha hiyo akae nyuma ya mlango na orodha isemayo: ukipokea kadi hii, toa ile. Wenzake wapitishe kadi chini ya mlango.

Majibu yatakuwa sahihi, ingawa mjibuji hajui alichoulizwa. Uliza: "Hapa ni nani ajuaye Kigogo?" Wengine watamtaja aliyeandika orodha, wengine watasema mtoto na orodha kwa pamoja. Usilifute jibu hili la pili, kwani lina watetezi miongoni mwa wanafalsafa.

Hatua ya Pili: Karanga za Kongwa

Eleza kwamba mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Kongwa, ikaleta matrekta kufyeka pori. Mvua ilikuwa haba, udongo ukawa mgumu, mashine zikaharibika. Mradi uliachwa mwaka 1951, kwa hasara ya pauni milioni 36 hivi. Je, tuyalaumu matrekta au waliopanga?

Huenda mwanafunzi akapinga: trekta halijibu maswali, akili unde hujibu. Pingamizi hilo ni zuri. Waongoze kuona kuwa mwenye kuwajibika hujua alitendalo, aweza kulikataa, tena aweza kuhojiwa, kujuta na kulipa. Mashine haina cha kulipa. Kwa hiyo, hata kama suala la akili halijaamuliwa, lawama ina wenyewe: aliyeiunda, aliyeieneza na aliyeitumia.

Tahadhari kwa Mwalimu

Mwalimu akiiachia mashine usahihishaji, na mtoto akapata alama asizostahili, hawezi kumwambia mzazi kuwa kompyuta ndiyo iliyokosa. Alama ni za mwalimu.

Mazoezi

1. Mashine imempa mgonjwa ushauri mbaya. Taja wote wanaopaswa kuhojiwa, na sababu.
2. Kasuku aliyefundishwa kutukana ana hatia? Linganisha na akili unde.