Kafeini kwa Mtoto Njiti: Mafunzo Niliyopata Wodini

Haya nimeyapata kwenye uuguzi wa wodi ya watoto njiti. Nayaandika hasa kwa wauguzi wanaoanza.

1. Hesabu sekunde kabla ya kushtuka. Mtoto njiti hupumua haraka, akatulia sekunde chache, kisha akaendelea. Hilo ni la kawaida kwake. Akikaa sekunde 20 bila kupumua, au muda mfupi zaidi huku mapigo ya moyo yakishuka au midomo ikigeuka buluu, hiyo ni apnia. Weka shingo vizuri, msugue nyayo au mgongo. Asiporudi, chukua ambu.

2. Uliza kwa nini. Mtoto aliyekuwa anaendelea vizuri akianza ghafla kusahau kupumua, mpime joto na sukari, na fikiria maambukizi. Kafeini, dawa tunayompa kwa apnia, huamsha sehemu ya ubongo inayoongoza upumuaji. Haitibu maambukizi ya damu.

3. Andika jina la dawa kwa ukamilifu. Hapa nasisitiza kuliko kwingine kote. Miligramu 20 za kafeini sitreti zina miligramu 10 tu za kafeini yenyewe, na dozi tunazozoea hutajwa kwa sitreti: dozi ya kwanza miligramu 20 kwa kilo, kisha baada ya saa 24 miligramu 5 hadi 10 kwa kilo, mara moja kwa siku. Chukua mtoto wa kilo 1.2 na chupa yenye miligramu 20 za sitreti kwa mililita. Dozi ya kwanza ni miligramu 24, yaani mililita 1.2. Ya kesho yake, kwa miligramu 5 kwa kilo, ni mililita 0.3. Faili likiandikwa “kafeini” tupu, anayepokea zamu anaweza kumpa mtoto mara mbili ya anachohitaji. Mimi huomba mwenzangu apige hesabu yake kivyake, ndipo tulinganishe.

4. Sikiliza moyo kabla ya kutoa dozi. Mapigo yakizidi 180 kwa dakika mtoto akiwa ametulia, subiri na umwite daktari. Angalia pia kutapika, tumbo kujaa na kutetemeka. Wodi zisizo na kafeini hutumia aminofilini, na huko uangalizi uwe mkali zaidi, kwa kuwa dozi inayosaidia na inayodhuru zimekaribiana. Inaniuma kwamba dawa iliyo salama zaidi bado haifiki kila wodi.

5. Mjibu mama kwa heshima. “Sista, mnampa mwanangu kahawa?” Ni swali la haki. Mimi humweleza kwamba hii ni dawa ya hospitali iliyopimwa, na kahawa ya nyumbani kamwe asimpe. Akitaka zaidi, namwambia kuhusu utafiti wa CAP wa watoto 2,006, ulioongozwa na Barbara Schmidt: matokeo ya 2007 yalionyesha kwamba waliopewa kafeini walipata mtindio wa ubongo kwa uchache zaidi.

6. Kuacha dawa kuna siku zake. Kwa kawaida husimamishwa karibu na wiki 34, zikihesabiwa tangu mwanzo wa ujauzito, apnia ikiwa imekoma. Lakini kwa njiti, nusu ya dawa huchukua takribani siku 4 kutoka mwilini, wakati kwa mtu mzima ni saa chache. Kwa hiyo mtoto anayeonekana mzima kesho yake huenda bado anabebwa na dawa. Tunamwangalia siku 5 hadi 7 kabla ya ruhusa, na kila tukio linaandikwa: saa ngapi, mapigo yalishuka hadi wapi, alirudi mwenyewe au aliguswa.