Baiskeli za Vita Zilikuwa Ngapi? Tuiulize Namba ya Fremu

Wanafunzi wenzangu, tukipewa kazi ya kuandika, wengi wetu tunasaka takwimu, tukiipata tunaibandika, tunasonga aya inayofuata. Leo naomba tukamate takwimu moja tu, tuihoji: baiskeli za kukunja ambazo kampuni ya BSA ya Uingereza ililitengenezea jeshi kati ya 1942 na 1945 zilikuwa ngapi?

Kwanza baiskeli yenyewe. Jeshi lilitaka kitu chepesi ambacho kingeweza kushushwa kwa mwavuli pamoja na askari. BSA wakaunda fremu ya mabomba mawili yaliyopinda, inayojikunja katikati kwa bawaba. Ikishushwa, usukani na kiti ndivyo vinatangulia kugusa ardhi, magurudumu yasije yakapinda. Tarehe 6 Juni 1944 baadhi ya askari walishuka nazo kwenye fukwe za Normandy.

Sasa idadi. Kinachotajwa sana ni kati ya 60,000 na 70,000. Jamani, hapo katikati kuna baiskeli 10,000! Tutazipimaje?

Njia moja ilizaliwa kwenye vita hiyohiyo. Washirika walitaka kujua Ujerumani inatengeneza vifaru vingapi kwa mwezi. Kwa Agosti 1942, wapelelezi walikadiria 1,550. Wanatakwimu wao walisoma namba zilizopigwa kwenye vipuri vya vifaru vilivyotekwa, wakapiga hesabu, wakapata 327. Vita ilipokwisha, kumbukumbu za Wajerumani wenyewe zikaonyesha 342. Fikiria jenerali anayepanga mashambulizi kwa kuamini ile 1,550.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme kiwanda kinaanza na namba 1, nawe umeona baiskeli tano tu: 12, 31, 45, 52 na 60. Kubwa kuliko zote ni 60, lakini huenda zipo nyingine juu yake ambazo hukuziona. Ngapi? Chukua 60, gawanya kwa 5, unapata 12. Toa 1, inabaki 11. Ongeza juu ya 60: makadirio ni 71. Yaani unachukua wastani wa mapengo yaliyo chini, unaliweka pengo kama hilo juu.

Fremu za BSA nazo zilipigwa namba, herufi R ikifuatiwa na tarakimu. Kwa hiyo baiskeli zilizobaki leo kwenye makumbusho na kwa wakusanyaji ni ushahidi. Ila kuna masharti. Namba ziwe zimefuatana bila kurukwa. Baiskeli ulizoziona zisiwe zimetoka kundi moja tu, mfano zote za mwaka wa kwanza. Tena namba ya fremu inahesabu fremu iliyotengenezwa. Haikuambii kama ilifika vitani.

Hapo ndipo penye somo. Jeshi la Uswisi lilikuwa na baiskeli iliyoitwa MO-05, nazo zilitengenezwa zaidi ya 68,000. Ukiiweka kando ya BSA utasema zinalingana. Lakini za Uswisi zilianza 1905 zikaendelea hadi miaka ya 1980, wakati za BSA ni za miaka mitatu hivi. Idadi inakaribiana, ila mwendo wa kiwanda ni mbingu na ardhi.

Basi, kabla ya kuibandika takwimu, iulize mambo matatu: imehesabu nini, kwa kipindi gani, na aliyehesabu alijuaje? Sisi wa ualimu tuna sababu ya ziada, maana tutakachoandika ubaoni kitanakiliwa na watoto arobaini kwa mpigo.

Mazoezi: kama kijiwe chenu cha bodaboda kina vizibao vyenye namba zinazofuatana, soma vitano bila kuchagua. Piga hesabu, kisha muulize mwenyekiti wa kijiwe wako wangapi. Linganisha.