Homa ya Moshi wa Zinki

Huku Bagamoyo chumvi ya bahari hula chuma, ndiyo maana misumari na mabati hupakwa zinki. Zinki ikiharibika, mafundi wengine huichoma ili wapake upya. Hatari! Ikifika nyuzi 907 huchemka na kutoa moshi mweupe. Baada ya saa 4 hadi 10 aliyeuvuta hushikwa na homa, baridi na ladha ya chuma mdomoni, akadhani ni malaria. Kwa kawaida hupona katika siku 1 au 2. Hata hivyo apimwe damu, na amweleze daktari kazi aliyofanya. Kifua kikibana, aende hospitali mara moja. Ukiondoa zinki kwa asidi, fanyia nje, mbali na moto. Mimina asidi katika maji, kamwe si maji katika asidi.