Ukikwidwa Ukosi, Anza na Jepesi



Ndugu zangu katika imani, likizo iliyopita nilikuwa kwenye stendi ya bodaboda Bwera, nikirudi Kasese. Mfanyabiashara mmoja aliyetoka upande wa mpaka wa Mpondwe alinikwida ukosi wa kanzu kwa mikono miwili, akidai pesa zake. Nikakunja ngumi. Mzee aliyekuwa karibu akapaza sauti: "Mwanangu, muulize kwanza anamdai nani!" Kumbe alinifananisha na mtu mwingine. Vifungo viwili vya kanzu vilikatika, basi. Lakini je, ningemng'oa jino? Katika fiqhi, diya ya jino moja ni ngamia watano.

Wanazuoni wa Kishafii, katika mlango wa kumzuia mvamizi, wanatufundisha kuanza na jepesi. Anayezuilika kwa maneno hapigwi, na anayezuilika kwa mkono hapigwi kwa fimbo. Ukizidisha ilhali jepesi lingetosha, unabeba dhamana. Hukumu hii hulegea pale tu hatari inapokuzidi na huna nafasi ya kupima.

Tuitumie kanuni hiyo kwa vitendo:

1. Rudisha mguu wa kushoto nyuma hatua moja, kunja magoti kidogo, inamisha kidevu. Hapo hutasukumwa ukaanguka, na akikupiga kichwa, uso wako una kinga.

2. Inua viganja wazi mbele ya kifua, useme kwa sauti: "Niache, tuongee." Mara nyingi mambo huishia hapa.

3. Asipoachia, nyanyua mkono wa kulia juu, karibu na sikio. Geuza mwili wote kushoto, kiuno na bega pamoja, huku ukishusha kiwiko juu ya vifundo vya mikono yake. Mkono wa kushoto ulinde uso. Yeye anashika kwa nguvu za mikono tu. Wewe unageuka kwa nguvu za kiuno na mgongo, kwa hiyo mshiko huachia.

4. Rudi nyuma hatua mbili, uondoke. Akishaachia, si mvamizi tena, na ngumi ya baada ya hapo ni kisasi.

Fanyeni mazoezi wawili wawili, polepole, kaka kwa kaka na dada kwa dada. Mwenzako akigonga mara mbili, mwachie papo hapo.

Anas (r.a.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba bedui mmoja alimvuta Mtume (s.a.w.) kwa shuka lake lenye pindo nene hadi alama ikabaki shingoni, huku akidai apewe mali. Mtume alimgeukia, akacheka, akaamuru apewe. Hakuwa mnyonge, bali aliitawala nafsi yake. Mimi pale Bwera nilihitaji mzee anikumbushe.

Wabillahi tawfiq.