Kabla Hujawasha Mashine: Kijitabu cha Familia Zinazosaga Unga Nyumbani

Mashine ndogo za umeme za kusaga nafaka zimeingia majumbani, na familia zilizozoea kubeba ndoo ya mahindi hadi mashineni sasa zinasaga jikoni kwao. Ni hatua njema. Anayesaga mwenyewe huiona nafaka yake kabla haijawa unga, nafasi ambayo mnunuzi wa pakiti ya dukani haipati kamwe. Lakini mashine haisafishi chochote. Huichukua punje mbovu, ikaisaga pamoja na nzima, na baada ya hapo hakuna awezaye kuzitenganisha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kijitabu hiki inahusu kazi inayofanyika kabla swichi haijabonyezwa.

SUMUKUVU

Mahindi na karanga hushambuliwa na ukungu wa jamii ya Aspergillus, nao hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Ukungu huanzia shambani, hasa ukame ukilikuta hindi likiwa halijakomaa au wadudu wakilitoboa, kisha hushamiri ghalani nafaka ikiwekwa na unyevu. Sumukuvu haina rangi unayoweza kuiona kwenye unga, haina harufu wala ladha. Kuupika ugali kwa muda mrefu hakuiondoi, kwa sababu joto la jikoni halitoshi kuivunja.

Mwaka 2004, Ukambani nchini Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hii na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 msiba wa aina hiyo ulizifika familia za Dodoma na Manyara: waliougua walikuwa 68, waliofariki 20. Kote kuwili chanzo kikubwa kilikuwa mahindi ya nyumbani, yaliyolimwa na kuhifadhiwa na wenyewe. Tunalisema hili kwa uzito kwa kuwa wengi wetu tunaamini chakula cha shambani kwetu hakiwezi kutudhuru.

Wapo wengi zaidi ambao hawaugui ghafla. Hula sumu kidogo kidogo miaka mingi, ini likiharibika taratibu hadi kupata saratani, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Kwa watoto wadogo, sumukuvu imehusishwa na kudumaa. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu isiyozidi mikrogramu 10 katika kilo moja ya mahindi, kiasi ambacho maabara peke yake ndiyo inayoweza kukipima.

Lipo jambo moja linalotusaidia. Sumukuvu haienei sawasawa katika gunia. Hujikusanya katika punje chache: zilizovunjika, zilizotobolewa na fukusi au dumuzi, zilizosinyaa, zenye madoa au rangi ya kijani, kijivu au kahawia. Ukiziondoa hizo, umeondoa sehemu kubwa ya sumu, ingawa huwezi kusema umeimaliza. Kwa hiyo muda unaokaa na ungo ni kinga ya ini la mwanao.

KUCHAMBUA

Fanya kazi hii mchana, penye mwanga wa kutosha. Pepeta kwanza ili vumbi, makapi na punje nyepesi zitoke. Kisha mwaga kiasi kidogo kwenye sinia au kitambaa cheupe, utandaze hadi kila punje ionekane, uondoe kwa mkono kila unayoitilia shaka. Usihurumie. Punje iliyovunjika inaweza kuonekana safi, lakini pale ilipovunjika ndipo ukungu unapopata mlango. Mahindi yenye vumbi la ukungu yachambuliwe nje, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa.

Ukipenda kuyaosha, yaoshe asubuhi ya siku yenye jua kali. Yatie kwenye beseni la maji mengi, koroga, uengue yote yanayoelea, kisha yatandaze yakauke siku hiyohiyo. Kuosha jioni au siku ya mawingu ni kuualika ukungu upya. Ulezi na uwele ni lazima vioshwe, maana mara nyingi huja na mchanga unaotafuna meno ya mlaji na kula mawe ya mashine.

Mahindi mabovu uliyoyatoa usiwape kuku wala ng'ombe. Sumu hupita kwenye maziwa, ikarudi mezani kwako kwa mlango wa pili. Usiyatengenezee pombe, na usimwuzie mtu. Yafukie mbali na chanzo cha maji.

Mbegu za kupandia zilizopakwa dawa, zile zenye rangi nyekundu, waridi au kijani, zisisagwe kabisa hata kama njaa imebisha hodi. Kuziosha hakuzifanyi kuwa chakula. Na ukinunua mahindi sokoni, mwulize muuzaji ameyatia dawa gani ya kuhifadhia na lini. Muuzaji mwaminifu atakuambia, nawe utajua kama muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye pakiti ya dawa umepita.

UKAVU

Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Wazee wetu waliuma punje kwa meno na kusikiliza inavyolia, na mzoefu huweza kukisia vizuri. Kwa asiye mzoefu, chumvi inasaidia. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, utie mahindi hadi theluthi yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi, ufunge na kutikisa kwa nguvu kwa dakika moja. Iache itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15, yarudishe juani. Ikianguka yote chini, yanakaribia, lakini jua la siku moja zaidi halitayadhuru. Wakazi wa pwani waianike kwanza chumvi yenyewe, kwa kuwa hewa ya bahari huilowesha na jaribio likadanganya.

Anika juu ya turubai au kichanja, usianike kwenye udongo mtupu, kwani udongo ndio makao ya ukungu huu. Yakishakauka, mifuko maalumu isiyopitisha hewa au kihenge cha chuma chenye kifuniko cha kubana hufanya kazi nzuri: wadudu hukosa hewa wakafa bila dawa. Usifungue kila siku. Toa ya kusaga wiki moja au mbili, ufunge tena vizuri.

DONA AU SEMBE

Mashine nyingi za nyumbani zinasaga tu, hazikoboi, kwa hiyo utakachopata ni dona. Kiini cha punje hubaki na mafuta yake, vitamini za kundi B, madini ya chuma na zinki; ganda hubaki na nyuzinyuzi zinazolainisha choo na kuchelewesha sukari kupanda katika damu. Sembe jeupe limeachia sehemu kubwa ya hayo kwenye pumba. Inasikitisha kwamba katika nyumba nyingi weupe wa ugali umekuwa alama ya uwezo, na mgeni akipikiwa dona mwenyeji huomba radhi. Hakuna cha kuombea radhi hapo. Mwenye kisukari, hata hivyo, asidhani dona linampa ruhusa ya kuongeza tonge. Kipimo chake kibaki kilekile alichoelekezwa kliniki.

Kuna upande wa pili ambao wanaolisifia dona huusahau. Sumukuvu hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, sehemu zilezile zinazoondoka wakati wa kukoboa. Maana yake ni kwamba mahindi yenye mashaka yakisagwa dona huwa hatari kuliko yangekobolewa. Dona linadai mahindi bora. Kama mwaka huu mavuno yalinyeshewa yakiwa shambani au ghala lilivuja, chambua kwa makini zaidi, kisha peleka yakakobolewe mashineni kabla ya kuyasaga. Yakiwa yameoza wazi, usiyale kwa namna yoyote.

KUSAGA

Soma kwanza kibao cha mashine kinachoonyesha wati zake. Nyingi za nyumbani zina kati ya wati 1,000 na 2,200. Yenye wati 1,500 ikifanya kazi dakika 20 hutumia nusu yuniti, hivyo umeme hautakutisha. Kinachotakiwa kuogopwa ni nyaya dhaifu. Ichomeke ukutani moja kwa moja, katika soketi yenye waya wa ardhi. Ekstensheni nyembamba inayobeba mashine, pasi na jiko kwa pamoja huyeyuka na kuwasha moto. Chomoa kabla ya kusafisha au kutoa kilichokwama, na usisukume nafaka kwa kidole wala kijiko mashine ikizunguka. Watoto wakae mbali.

Saga mbali na jiko la mkaa au la gesi linalowaka, kwa kuwa vumbi la unga likijaa hewani hushika moto. Fungua madirisha. Mwenye pumu avae barakoa au amwachie mwingine kazi hiyo.

Mashine mpya, au iliyobadilishiwa nyundo au mawe, isagishwe kwanza konzi chache za mahindi za kutupa. Vyuma vinavyosagana humeguka vipande vidogo mno. Funga sumaku yenye nguvu ndani ya mfuko safi wa plastiki, uipitishe polepole kwenye unga uliotandazwa. Usishangae ukiona nywele nyeusi za chuma zimenasa. Zikiwa nyingi kila mara, mashine inahitaji fundi.

Unga hutoka ukiwa na joto. Ukiufungia hivyohivyo kwenye ndoo, mvuke utageuka matone chini ya kifuniko na unga utaganda, kisha utaota ukungu. Utandaze upoe kabisa. Dona lina mafuta ya kiini, hivyo haliishi muda mrefu kama sembe: saga la wiki moja au mbili, ulihifadhi pakavu penye ubaridi. Likianza kuwa chungu au kunuka mafuta ya zamani, limeharibika.

Ndani ya mashine baki la unga wa jana ni shamba la fukusi na ukungu. Lifagie kwa brashi kavu kila unapomaliza. Maji yasiingie humo.

UJI WA MTOTO

Mtoto huanza chakula cha nyongeza akitimiza miezi sita, huku akiendelea kunyonya. Akina mama wengi husaga pamoja mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya, karanga na hata dagaa, wakiita unga wa lishe. Nia ni njema, njia ina kasoro. Nafaka tano hazimpi mtoto mara tano ya nafaka moja, kwa kuwa zote ni wanga wa aina inayokaribiana. Karanga ndiyo yenye hatari kubwa ya sumukuvu baada ya mahindi, na mafuta yake huuchachisha unga mzima. Soya mbichi ina kizuizi kinachozuia protini kumeng'enywa, nayo huhitaji joto la muda mrefu kuliko uji unavyochemka.

Tumia nafaka moja au mbili. Ulezi ni chaguo bora: gramu 100 zina kalsiamu inayokaribia miligramu 340, na mahindi hayaufikii hata kwa mbali. Vingine vyote viingie sufuriani siku ya kupika: karanga zilizochambuliwa, zikakaangwa na kutwangwa muda huohuo, yai, maziwa, au unga wa dagaa uliohifadhiwa peke yake.

Uji mzito humshinda mtoto kumeza, na uji mwepesi humjaza maji. Kimea hutatua hilo. Loweka ulezi usiku kucha, uchuje, uufunike kwa kitambaa kibichi siku mbili au tatu hadi uchipue, uanike ukauke, kisha usage. Uliopata ukungu utupe wote. Pika uji mzito, uache upungue moto hadi uwe vuguvugu, koroga kijiko cha kimea. Utalainika mbele ya macho yako bila kuongeza maji. Urudishe jikoni uchemke tena kidogo. Usifanye hivi kwa mtama, kwa kuwa machipukizi yake yana sumu ya sayanaidi.

Kwa sababu hiyohiyo ya sayanaidi, muhogo mchungu usifike mashineni kabla ya kuvundikwa au kulowekwa siku kadhaa na kukaushwa vizuri. Tarime, mkoani Mara, watu walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo mwaka 1985 baada ya kula unga wa muhogo ambao haukuandaliwa vya kutosha.

KISICHOKUWAMO

Viwanda vikubwa vinatakiwa na kanuni kuongeza virutubishi kwenye unga: foliki asidi, madini ya chuma, zinki na vitamini B12. Unga wako hauna nyongeza hiyo, na familia inayohama moja kwa moja kutoka unga wa kiwandani inafaa ijue ilichokiacha. Anayehusika zaidi ni mwanamke anayetarajia kushika mimba. Upungufu wa foliki asidi huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, na mgongo huo huumbika katika wiki nne za kwanza, mama akiwa pengine hajajijua. Aende kituo cha afya aulizie vidonge mapema, asisubiri tumbo lionekane. Nyumba nzima iongeze kunde, maharage na mboga za majani, pamoja na limau au chungwa linalosaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai isinywewe pamoja na mlo. Inazuia madini hayo.

DALILI ZA KUTISHA

Macho kuwa ya manjano, kutapika, tumbo kuuma na kujaa, miguu kuvimba, mkojo kuwa na rangi ya chai kali: dalili hizi zikimpata mmoja, na hasa zikiwapata wawili wanaokula chungu kimoja, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Acheni kula unga huo na kila kilichotokana na gunia lile. Msiutupe wote; chukua nusu kilo ya unga na nusu kilo ya punje, kila kimoja katika mfuko safi, umpe mganga akupelekee kupimwa. Mjulishe afisa afya wa kata, na wapigie simu majirani walionunua kwa muuzaji mmoja na wewe, kabla hawajapika chakula cha jioni.